Matakwa ya Mwenye Haja: Je, Ugumu wa Chombo ni Dhuluma?

Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunaifundisha madarasani kila mwaka, na wanafunzi huieleza upesi: usiseme juu ya shida usiyoionja. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao aghalabu hausemwi. Ikiwa alalaye ndiye amjuaye kunguni, basi seremala anayetaka kutengeneza kitanda chema hana budi kumwuliza alalaye. Tena hana budi kumwuliza kwa namna ambayo alalaye ataweza kujibu. Upande huo wa pili ndio tunaokusudia kuuchunguza katika makala haya. Utatupeleka mbali na kitanda, mpaka kwenye kompyuta, na kwenye aina moja ya programu ambazo watu wengi hawajapata kuzisikia, ingawa maisha yao yameanza kutegemea yale yaandikwayo ndani yake.

Tunaandika kutoka Gisozi, katika wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Hapa ndipo lilipo soko kubwa la mafundi wa mbao liitwalo Agakiriro. Apitaye njia husikia misumeno ya umeme na kuona vitanda, makabati na milango iliyopangwa ikingoja wenyewe. Mteja anapokuja kuagiza mlango, mambo huenda kwa utaratibu unaofahamika. Mteja husema atakavyo, na pengine huonyesha picha katika simu yake. Fundi naye huuliza: mlango ni wa nje au wa ndani? Utafunguka upande gani? Ukuta umekwisha pigwa lipu, au bado? Kisha huchukua penseli na kuandika vipimo, wakati mwingine juu ya kipande cha mbao kilicho karibu. Akimaliza huyasoma aliyoyaandika, mteja akisikiliza. Mteja akisema kwamba sivyo, penseli hukata na kuandika upya. Maandishi hayo ni machache, tena hayana fahari, lakini yana sifa moja kubwa: yule ambaye haja ni yake anaweza kuyafahamu, na akiona kosa anaweza kulisema kabla mbao haijakatwa.

Sasa tuchukue kazi iliyo kubwa kuliko mlango. Watu wanapojenga ndege, au mfumo wa kompyuta wa kutunza habari za wagonjwa, au daftari la vitambulisho vya taifa, matakwa huwa mamia na maelfu. Penseli haitoshi. Hapo ndipo zilipozaliwa programu ambazo sisi tutaziita programu za kusimamia matakwa. Kazi zake kubwa ni nne. Hulipa kila takwa nambari yake. Huonyesha takwa hilo limetoka kwa nani na limekubaliwa na nani. Huonyesha limebadilishwa lini na kwa sababu gani. Na huliunganisha na ile sehemu ya kazi iliyolitimiza, pamoja na jaribio lililothibitisha kwamba limetimia. Ni kazi njema. Bila ya utaratibu huo mjenzi wa ndege asingeweza kujua ni bawa gani limejengwa kwa ajili ya takwa gani, wala ni nini kitakachoharibika endapo takwa moja litaondolewa.

Mashuhuri miongoni mwa programu hizo ni ile iitwayo DOORS, iliyoanza kuuzwa na kampuni moja ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikanunuliwa mwaka 2000 na kampuni ya Telelogic ya Sweden, ambayo nayo ilinunuliwa na IBM mwaka 2008. Jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni milango. Ni jina zuri, hasa kwetu tunaoishi mahali ambapo milango huchongwa. Lakini waliozoea kupita katika milango hiyo ni wahandisi wa ndege, wa magari na wa vyombo vya angani, watu waliofundishwa kazi hiyo na wanaoifanya kila siku. Muuguzi, karani au mwalimu akiketishwa mbele ya programu ya namna hiyo hukuta safu za vijisanduku, nambari, viungo na maneno asiyoyajua, hata lile takwa alilolisema yeye mwenyewe jana hawezi kulitambua leo. Yatokeayo baadaye yanajulikana katika ofisi nyingi. Muuguzi huandika haja zake katika barua au katika jedwali la Excel. Mtaalamu huzichukua na kuziingiza katika programu kwa niaba yake, kwa maneno ya kitaalamu. Na baada ya miezi muuguzi huletewa kitabu kinene atie sahihi.

Swali letu basi ni hili. Ugumu huo wa chombo ni kasoro ya ufundi tu, kama vile bawaba inayolia, au ni jambo la haki na dhuluma?

Sisi walimu wa lugha tunayo njia yetu ya kuliendea swali kama hili, nayo ni kuyatazama maneno. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo ambalo wataalamu wamelipa jina moja. Kuna haja, kuna ombi, kuna takwa, na kuna sharti. Haja ni upungufu wenyewe: mwenye kiu ana haja ya maji hata asiponena. Ombi ni haja iliyotamkwa mbele ya mtu. Takwa ni lile linalodaiwa lipatikane. Sharti ni lile ambalo lisipotimizwa mapatano huvunjika. Msomaji ataona kwamba maneno haya yamepangwa kama ngazi. Chini kabisa ipo haja, ambayo ni ya mwenyewe peke yake. Juu kabisa lipo sharti, ambalo laweza kuandikwa na mtu ambaye hakuonja haja hiyo hata siku moja. Katika kuipanda ngazi hiyo, neno hupita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono hupunguza kitu na kuongeza kitu.

Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme kwamba serikali ya nchi fulani yataka programu ya kutunza alama za wanafunzi, na mwalimu mmoja ameitwa aseme haja za walimu. Mwalimu asema: "Mtoto akihama shule katikati ya muhula, alama zake zimfuate." Mtaalamu aandika: "Kumbukumbu za mwanafunzi anayehama zihamishwe mwisho wa kipindi." Kwa mtaalamu sentensi hizo mbili ni moja. Lakini tuzitazame kwa jicho la sarufi. Neno kipindi kwa mwalimu ni dakika arobaini za somo. Kwa mtaalamu ni muda wote wa hesabu, yaani muhula mzima. Mwalimu akilisoma haraka atafurahi kwamba alama zitahama siku ile ile. Tena tazama kitenzi zihamishwe. Kitenzi hicho kimo katika hali ya kutendwa, nayo hali ya kutendwa ina tabia ya kumficha mtenda. Zihamishwe na nani? Na shule anayotoka mtoto, au na shule anayokwenda, au na ofisi ya wilaya? Programu ikija kutumika, mtoto aliyehama mwezi wa pili wa muhula atakaa darasani kama mtu aliyezaliwa jana, asiye na alama hata moja, na mwalimu akilalamika ataonyeshwa sahihi yake. Mtaalamu hakudanganya. Mwalimu hakuzembea. Hata hivyo mtoto ameonewa, na uonevu huo ulipita katika nafasi iliyokuwa kati ya watu wawili wema.

Kutokana na mfano huo tunadai jambo moja, nalo ndilo kiini cha makala haya. Takwa ambalo mwenye haja hawezi kulisoma na kulifahamu limekwisha kuacha kuwa lake, hata kama jina lake limeandikwa pembeni. Limekuwa la yule anayeweza kulisoma. Na ikiwa ndivyo, basi chombo kinachotunza matakwa ya watu kwa namna ambayo watu hao hawawezi kuyafikia hakiwatunzii mali yao. Kinawahamishia wengine mali hiyo bila ya mtu yeyote kukusudia wizi.

Tunajua kwamba wapo watakaotupinga, na baadhi yao ni watu wenye busara. Watasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi ya kueleza matakwa ni ngumu kwa asili yake. Yeyote anayetaka kushiriki katika ujenzi wa jambo kubwa na akubali kujifunza, kama vile daktari alivyojifunza na rubani alivyojifunza. Kwa nini chombo kiteremke badala ya mtu kupanda?

Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuipuuza. Lakini tuutenge ugumu wa aina mbili. Upo ugumu wa jambo, na upo ugumu wa chombo. Kufikiri barabara unachokitaka ni kazi ngumu. Kutambua kwamba haja yako inagongana na haja ya jirani yako ni kazi ngumu. Kukubali kwamba fedha hazitoshi na jambo moja lazima liachwe ni kazi ngumu kuliko zote. Ugumu huo hauwezi kuondolewa na programu yoyote, wala haifai uondolewe, kwa kuwa kuubeba ndiyo heshima ya mtu mzima. Lakini kutafuta takwa lako mwenyewe katikati ya vijisanduku mia tatu, au kulazimika kuandika kwa lugha usiyoiota ndoto, au kupoteza ulichokiandika kwa kuwa hukujua pa kubonyeza, hayo hayamfunzi mtu lolote juu ya haja yake. Huo ni mvungu ulioteremshwa na seremala. Mwenye kuinama chini ya mvungu wa namna hiyo hainami kwa sababu ya kitu anachokitafuta, anainama kwa sababu ya mtu aliyekipima kitanda bila ya kumkumbuka. Na maadamu ugumu wa aina hii uko katika uwezo wa mtengenezaji kuupunguza, kumwachia mtumiaji aubebe ni kuhamisha mzigo kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nazo. Kwa Kiswahili chetu jambo hilo lina jina, nalo si kasoro ya ufundi.

Historia ya karibuni inatupa mifano ya kutosha. Tarehe 26 Oktoba 1992, idara ya magari ya wagonjwa ya jiji la London ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa kupokea simu na kuyapeleka magari. Katika siku hizo za mwanzo simu zilirundikana, wagonjwa wengine walipelekewa magari mawili na wengine walingoja saa nyingi, na haukupita muda wakuu wakalazimika kurudi kwenye karatasi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1993 ulitaja sababu nyingi, zikiwamo haraka kupita kiasi na majaribio yasiyotosha. Lakini miongoni mwa sababu hizo imo hii inayotuhusu: waendeshaji wa magari na wapokeaji wa simu hawakushirikishwa ipasavyo katika kuamua mfumo ufanye nini na ufanyeje. Matakwa yalikuwako, tena yaliandikwa kwa kirefu. Lakini wale waliokuwa wakilala katika kitanda kile hawakuulizwa vya kutosha juu ya kunguni.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu Afrika Mashariki, nao ni wa faraja. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom zilianza nchini Kenya jaribio dogo la kutumia simu za mkononi katika mambo ya fedha. Takwa lililoandikwa lilikuwa kwamba wakopaji wa shirika la mikopo midogo wapokee mikopo yao na kuilipa kwa simu. Watu waliopewa simu hizo walifanya walilotakiwa, lakini walifanya na mengine ambayo hayakuandikwa popote: walipelekeana fedha wao kwa wao, mume kwa mke, mfanyabiashara kwa mwenzake. Waandaaji wangeweza kusema kwamba watu hao wanakitumia chombo vibaya. Badala yake walitazama, wakaelewa kwamba haja ya kweli imejionyesha, wakaziacha taratibu ngumu za mikopo na kukijenga chombo upya juu ya jambo moja jepesi, yaani kutuma fedha. Mwezi Machi 1993 ungekuwa mapema mno kwa jambo kama hilo. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilipotangazwa, mama wa sokoni asiyepata kuingia katika benki aliweza kuitumia kwa simu ya kawaida kabisa. Hapo hakuna aliyempandisha mama huyo ngazi. Walioshuka ni wenye chombo, nao katika kushuka hawakupoteza kitu, bali walipata.

Na hapa Rwanda, tangu mwaka 2015, huduma nyingi za serikali hupatikana kwa njia ya mtandao kupitia Irembo. Neno hilo la Kinyarwanda maana yake ni lango la kuingilia uani. Yafaa kusifu kwamba lango hilo husema Kinyarwanda, na kwamba huduma kadhaa zaweza kuombwa hata kwa simu isiyo na intaneti. Hata hivyo wako raia wengi ambao hulipita lango hilo wakishikwa mkono na wakala, ambaye huketi mbele ya kompyuta akaandika kwa niaba yao. Wakala anafanya kazi ya halali na yenye msaada mkubwa, wala hatumlaumu. Tunalosema ni kwamba iko tofauti kati ya mtu anayesaidiwa kwa kuwa amependa, na mtu anayesaidiwa kwa kuwa hana njia nyingine. Wa kwanza akiona jina la mtoto wake limekosewa atasema. Wa pili hataliona mpaka cheti kimetoka. Na huduma ya namna hii, popote duniani, kabla ya kuwa lango ilikuwa orodha ya matakwa katika kompyuta ya mtu fulani. Kila hatua nyepesi anayoikuta raia leo ni takwa ambalo mtu alilisema na likasikika. Kila hatua ngumu pengine ni takwa lililokosa mtu wa kulisema, au lililosemwa likapotea njiani.

Hatuwezi kuandika juu ya maandishi na watu, tukiwa Gisozi, bila ya kukumbuka kwamba hapa ndipo ilipo Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, iliyofunguliwa mwaka 2004, wanakolala zaidi ya watu 250,000. Vitambulisho vilivyoanzishwa katika miaka ya 1930 chini ya utawala wa Wabelgiji viliandika kabila la kila mtu, na mwaka 1994 neno moja katika kitambulisho liliweza kuamua ni nani apite kwenye kizuizi na ni nani auawe. Hatulinganishi msiba huo na ugumu wa programu. Kulinganisha kungekuwa ni kuwadharau marehemu. Twasema hili tu: nchi yetu inajua, kuliko nchi nyingi, kwamba maandishi yanayowahusu watu bila ya wao wenyewe kuwa na kauli juu yake si kazi ya karani peke yake. Ni jambo la maadili tangu mstari wa kwanza.

Iko hoja nyingine inayotukabili, nayo inatoka upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Yumkini mtu atasema: ikiwa wepesi ni haki, basi tuondoe kila kitu kigumu, tumwachie mtumiaji kitufe kimoja. Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, kwa kuwa upo wepesi wa kweli na upo wepesi wa bandia. Kila anayetumia simu ya kisasa amekutana na ukurasa mrefu wa masharti wenye neno moja kubwa chini yake: Nakubali. Hakuna jambo jepesi kuliko kulibonyeza neno hilo, na hakuna jambo linalompa mtu nafasi ndogo zaidi. Wepesi wa namna hiyo ni wa kumfanya mtu anyamaze upesi. Hali kadhalika, mtengenezaji anayefuta mambo kwa nia ya kurahisisha huwa ameamua kwa niaba ya wengine ni haja zipi zisitajwe, na haja ya wachache ndiyo hufutwa kwanza. Mlango mwembamba ni rahisi kutengeneza, lakini mtu wa kiti cha magurudumu hupiti.

Kwa hiyo kipimo chetu kisiwe idadi ya vitufe. Chombo chepesi kwa maana tunayoitaka ni kile kinachomwezesha mtu wa kawaida kukataa kwa sababu anayoifahamu. Kutokana na kipimo hicho twaweza kutaja mambo manne ambayo programu ya kusimamia matakwa inawiwa na mwenye haja.

Kwanza, mwenye haja alione takwa lake kwa maneno aliyoyasema yeye, yakiwa yamewekwa kando ya maneno ya mtaalamu, ili tofauti ikiwapo ionekane. Pili, aweze kusema "sivyo" mahali pale pale, kwa lugha yake, na neno lake hilo lihifadhiwe hata kama halikukubaliwa. Tatu, takwa lake likibadilishwa au likiachwa apewe habari, aambiwe ni nani aliyelibadilisha na kwa sababu gani. Nne, chombo kisitangazwe kuwa ni chepesi mpaka muuguzi, karani au mwalimu ameketi nacho akiwa peke yake, na mtengenezaji amekaa kimya akitazama anapokwama.

Katika haya hakuna hata moja linalomnyang'anya mhandisi nambari zake na viungo vyake. Mlango mmoja una uso wa ndani na uso wa nje, na fundi mwema huzipiga randa pande zote mbili. Mhandisi na aendelee kuuona uso wake. Tunataka tu uso wa pili usiachwe na vibanzi.

Tunakiri kwamba jambo hili lina gharama. Kumsomea mteja maandishi huchukua muda, na kuwasomea wateja elfu huchukua fedha. Katika nchi zenye wahandisi wachache na haja nyingi, kuuchelewesha mfumo wa hospitali ili uwe mwepesi zaidi kwaweza nako kuwadhuru wagonjwa wanaoungoja. Hatusemi basi kwamba kila chombo kigumu ni uovu, wala kwamba kila mtengenezaji wake ni dhalimu. Wajibu hupimwa kwa uwezo. Lakini iko tofauti kubwa kati ya mtu asemaye, "Deni hili nalijua, nitalilipa kidogo kidogo," na mtu asemaye, "Sina deni; nikirahisisha ni kwa hisani yangu." Tunalopigania ni kwamba wepesi uhesabiwe kuwa deni. Hisani hutolewa kazi ikiisha na fedha zikibaki, na sote twajua kwamba fedha hazibaki. Deni huandikwa katika bajeti tangu mwanzo.

Je, haya yawahusu nini walimu wa Kiswahili? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya istilahi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, wakathibitisha kwamba lugha hii yaweza kuibeba kazi ya kompyuta. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Lakini tukiendelea kubishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku maneno kama haja, takwa na sharti yakitumika ovyo katika hati zinazowafunga watu, tutakuwa tumeipamba dari ya nyumba isiyo na mlango. Mwananchi hadhuriki sana kwa kutojua jina la mashine. Hudhurika kwa kutojua kwamba ombi lake limeandikwa kama sharti, au kwamba sharti lake limeandikwa kama ombi.

Njia ya pili ni ya ufundishaji, nayo haihitaji kompyuta wala fedha. Tunafundisha insha za kila namna: barua, hotuba, masimulizi. Ni mara chache tunafundisha kuandika takwa: sentensi moja inayosema ni nani atende, atende nini, lini, na itajulikanaje kwamba ametenda. Tuwaweke wanafunzi watatu watatu. Wa kwanza awe mteja anayetaka mlango, kabati au dawati. Wa pili awe fundi anayeandika. Wa tatu ayasome maandishi ya fundi na kuchora anachokifahamu. Kisha mteja aitazame picha na kusema kama ndicho alichokitaka. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo mara tano ataogopa kipindi kisichoelezwa na kitenzi kisicho na mtenda. Kesho akiwa mhandisi atakumbuka kumsomea mwenye haja. Kesho akiwa karani, muuguzi au mkulima, hatatia sahihi hati asiyoifahamu, wala hataona haya kusema kwamba hakuifahamu. Maana kuuliza si ujinga.

Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu zoezi hilo muhula ujao, na wale wenye jamaa au marafiki wanaofanya kazi ya kutengeneza programu wawaulize swali moja tu: haja mnazoziandika, wenyewe wamezisoma? Wakijibu kwamba wamezisoma, tuwaombe watuonyeshe mahali waliposema "sivyo".